Tathmini ya shahada ya mitindo na biashara ya mavazi, kutoka kwa aliyeimaliza akaingia kiwandani

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, simu yangu haipumziki. Binti wa jirani, mpwa wa rafiki, mama aliyepewa nambari yangu na fundi wa Kongowea, wote huuliza jambo lilelile: shahada ya ubunifu wa mitindo na biashara ya mavazi ina faida, au ni pesa za kutupa? Leo naandika jibu lote kwa urefu wake.

Ina faida, na ningeambiwa nichague upya ningeichagua hiyohiyo. Ila faida yake haiko pale inapotangazwa. Fungua kipeperushi cha chuo chochote utaona jukwaa, taa, na msichana mrefu aliyevaa gauni la mkia. Mimi jukwaa halijanilipia hata kodi ya mwezi mmoja. Kinachonilisha ni maabara ya vitambaa, meza ya patani, yaani vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo, na, juu ya yote, hesabu ya gharama, na hayo hakuna anayeyapiga picha. Kwa upande huo naipa shahada hii nyota nne kati ya tano. Upande wa pili, nyota mbili.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nilisoma chuo cha umma huko bara, miaka minne, na sasa ni machandaiza katika kiwanda cha nguo cha EPZ, eneo la viwanda vinavyouza nje ya nchi. Machandaiza ni mtu anayesimama kati ya mnunuzi wa ng'ambo na mafundi wa kiwandani. Chuo changu sitakitaja jina, kwa sababu nina ya kulalamikia na wamo walimu humo ninaowaheshimu sana. Shahada za namna hii zipo kadhaa Kenya. Chuo Kikuu cha Kenyatta wanayo ya mitindo na masoko. Upande wa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana ya ubunifu na teknolojia ya nguo, na ile iko chini ya uhandisi, kwa hiyo inaegemea zaidi nyuzi na mashine.

Ami yangu ameshona kanzu Mji wa Kale tangu sijazaliwa. Cherehani alinifundisha yeye. Nilipopata barua ya chuo aliisoma, akavua miwani, akaniuliza: "Mwanangu, kushona unajua. Miaka minne utafundishwa nini?" Hilo ni swali la haki, na kila mzazi anayenipigia simu huliuliza kwa namna yake.

Muhula wa kwanza hatukushona. Tulichoma. Kila mwanafunzi na kibiriti, koleo na vipande vya kitambaa visivyo na jina. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, huacha jivu laini. Poliesta hujikunyata mbele ya moto, huyeyuka, na ikipoa huacha shanga ngumu. Sufu na hariri hunuka nywele. Ni jaribio dogo kabisa, lakini tangu siku ile muuzaji akiniapia Eastleigh kwamba kitambaa chake ni pamba tupu, naomba uzi mmoja tu wa pembeni.

Tukapanda ngazi. Tulipewa kisu cha duara kinachokata kipande cha sentimita 100 za mraba sawasawa. Unakipima kipande hicho kwenye mizani kwa gramu, unazidisha mara 100, umepata uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba. Nambari hiyo ndiyo lugha ya biashara nzima ya nguo duniani. Mnunuzi hakuambii anataka fulana "nzito nzito kidogo". Anakuandikia gramu 160, na ukimletea 145 anarudisha mzigo. Tulisugua vitambaa vya rangi kwa kitambaa cheupe, kikavu kisha kilicholoweshwa, tukalinganisha doa na kadi ya kijivu yenye daraja la 1 hadi la 5. Tulijifunza kwa nini pamba na poliesta hazitiwi rangi moja: rangi za pamba hufungamana na uzi wenyewe kikemia, ilhali poliesta hutaka rangi zake na joto la juu, karibu nyuzi 130, ndipo ikubali kufunguka. Tulijifunza kwa nini jinzi hupauka vizuri vile: rangi yake ya nili hukaa juu juu ya uzi, kiini kikabaki cheupe.

Hapo nikarudi nyumbani likizo na jibu la jambo ambalo wanawake wa kwetu wamelifanya miaka yote. Leso (kanga) mpya huloweshwa maji ya chumvi ili isichuje. Kazi ya chumvi ni ndani ya pipa la rangi kiwandani, kuisukuma rangi iingie kwenye pamba. Leso ikishatoka huko na rangi isiyoshika, chumvi ya jikoni haiwezi kuifunga tena. Ifue peke yake mara za mwanzo mpaka rangi iliyozidi iishe. Bibi yangu bado anatia chumvi, na simkatazi.

Meza ya patani ndiyo iliyonifanya nimwelewe ami yangu vizuri zaidi. Yeye hukata kanzu kwa jicho. Anakutazama ukiingia mlangoni, anapima bega na urefu, mkasi unatembea. Haandiki chochote, na kanzu inakaa. Lakini ujuzi ule uko mkononi mwake, na akiumwa duka linafungwa. Chuo kinakufundisha kuiandika nguo. Unaichora vipande vyake, kila kipande na vipimo vyake, alama ya wapi kikutane na kingine, mshale wa kuonyesha uzi wa mtande, ule wa urefu wa kitambaa, upite wapi, nafasi ya mshono, na jinsi kila saizi inavyokua kutoka iliyotangulia. Ukimaliza, mtu asiyekujua, katika mji usiowahi kufika, anaweza kushona nguo hiyo elfu kumi na zikatoka sawa. Hilo ndilo jibu nililompa ami, na alilikubali.

Kwenye patani pia ndipo nilipokutana na mwalimu bora wa maisha yangu. Vitabu tulivyotumia vilikuwa na jedwali za vipimo vya wanawake wa Uingereza. Tulichora sketi kwa jedwali hizo, tukashona, tukavaa, na darasa karibu zima likawa na pengo nyuma ya kiuno linaloingia mkono. Nyonga imetosha, kiuno kimepwaya. Mwalimu hakusema mengi. Alitugawia tepu, akatutuma tupimane sisi kwa sisi, kisha twende sokoni tukapime kina mama walio tayari, na turudi na karatasi zilizojaa. Kutoka kwenye karatasi zile tulichora patani ya msingi upya, tukaongeza mikunjo ya kubana kiuno kwa nyuma, tukashusha mahali pa nyonga. Sketi ya pili ilikaa. Patani ile ya msingi ninayo mpaka leo, na mafundi wawili wa Mombasa nimewapa nakala. Chuo kikiwa na mwalimu mmoja wa aina hii, mengi yanasameheka.

Sasa hesabu. Wanafunzi wengi huikimbia, hujificha kwenye kuchora, na mimi naamini hapa ndipo shahada inapopata thamani yake.

Chukua gauni. Kitambaa mita 2.5 kwa shilingi 400, hiyo ni 1,000. Bitana, zipu na uzi, 250. Fundi 600. Umeme, kodi na usafiri ukivigawa, 150. Gharama yako ni 2,000. Unaliuza 3,500, faida 1,500. Mteja anakuja, anakuomba umpunguzie asilimia 20 tu. Unakubali, unamuuzia 2,800. Watu wengi hudhani wamepoteza asilimia 20 ya faida. Umebaki na 800. Karibu nusu ya faida imeondoka, kwa sababu gharama haikupungua hata senti. Nilipoifanya hesabu hii ubaoni mara ya kwanza nilikaa kimya, nikiwafikiria kina mama wote ninaowajua wanaoshona usiku kucha kabla ya Idi, wanauza, wanashukuru, na mwezi ukiisha hawana mtaji wa kununua kitambaa kingine. Hakuna aliyewaambia.

Tukaendelea. Ukipanga vipande vya patani kwenye kitambaa kwa akili, mkono wa huku ukaingia kwenye shimo la shingo la kule, gauni lilelile linaweza kula mita 2.3 badala ya 2.5. Umeokoa sentimita 20, shilingi 80. Kwa gauni moja si kitu. Kwa magauni 500 ni 40,000. Kiwandani ninapofanya kazi, mzee wa meza ya kukata huweza kuitazama marka, yaani mpangilio huo wa vipande, kwenye karatasi akasema, "Dada, hii inakula kitambaa," kabla kompyuta haijatoa asilimia yake. Yeye ana miaka ya meza, mimi nina somo la muhula mzima, na tunaelewana kwa sababu tunazungumza sentimita.

Somo la biashara ya mavazi lilitufundisha pia kuhesabu kurudi nyuma. Meli inaondoka Mombasa tarehe fulani. Kwa hiyo mzigo uwe umekaguliwa siku kadhaa kabla, ushonaji uwe umeanza wiki kadhaa kabla ya hapo, kitambaa kiwe kimefika, na kabla ya kitambaa, mnunuzi awe ameikubali sampuli ya rangi. Viwanda vya EPZ vinavyouza Marekani vilikua chini ya mpango wa AGOA uliopitishwa mwaka 2000, ambao uliruhusu nguo kuingia bila ushuru hata kama kitambaa kimetoka nchi nyingine, na ndiyo maana mpaka leo kitambaa kingi hutoka Asia kwa meli. Rangi ikikataliwa mara mbili, wiki zimeliwa, na zitalipwa na washonaji kwa kazi ya usiku au na kampuni kwa kusafirisha kwa ndege. Kalenda hiyo ya kurudi nyuma niliichora darasani kwa penseli. Sasa naichora kwenye kompyuta kila oda inapoingia, na umbo lake ni lilelile.

Sasa nyota mbili.

Historia ya mavazi tuliyofundishwa ilikuwa historia ya wabunifu wa Paris. Worth alifungua duka lake mwaka 1858, Vionnet akakata kitambaa mshazari, Dior akatoa mtindo wake mpya mwaka 1947. Sikatai, ni elimu, na ukataji wa Vionnet ni jambo la kulisoma kwa heshima: ukikigeuza kitambaa digrii 45, nyuzi za mtande na za mshindio, yaani za urefu na za upana, zote zinalegea, na nguo inaufuata mwili bila zipu. Lakini leso ilipata kipindi kimoja, na nusu yake ilikuwa picha. Kofia za kudariziwa za Lamu, darizi ya kanzu, kikoi, buibui na jinsi lilivyobadilika, hayo hatukuyagusa.

Hili linaniuma kwa sababu leso ni somo zima la biashara ya mavazi. Inauzwa jozi. Ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yaani maneno yaliyochapwa. Ushonaji wake ni kukunja kingo tu, kwa hiyo saizi haina matatizo na duka halibaki na mzigo wa saizi zisizotakiwa. Jina ndilo linalobadilika, na jina jipya linaweza kuumaliza mzigo wa mchoro wa zamani. Simama Biashara Street hapa Mombasa asubuhi moja uwatazame wanunuzi: wengi husoma jina kwanza, kisha ndipo mkono hugusa kitambaa. Kaderdina Hajee Essak wa mtaa huo wameuza leso tangu karne ya 19, na alama yao ya "Mali ya Abdulla" imechapwa juu ya kitambaa chenyewe, kila mvaaji akatembea nayo. Kampuni za leo hulipa fedha nyingi kutafuta alama ya namna hiyo. Mradi wangu wa mwisho niliufanya juu ya leso kwa ubishi, na msimamizi wangu, namshukuru, aliniacha.

Wabunifu wa kwetu pia tuliwasikia kwa kudokezwa tu: Ann McCreath aliyeanzisha nyumba ya mitindo ya Kiko Romeo Nairobi mwaka 1996, na Mustafa Hassanali wa Dar es Salaam, daktari kwa kusomea, aliyeanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008. Ningependa tungekaa na hesabu za nyumba moja ya aina hiyo muhula mzima: wananunua wapi, wanabaki na nini msimu ukiisha.

Vifaa vilinihuzunisha. Karakana yetu ilikuwa na cherehani za kiwandani, lakini nyingi zilikuwa zimesimama zikingoja vipuri, na wanafunzi walipanga foleni kwenye zile zinazofanya kazi. Ovaloku moja, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, ilihudumia mwaka mzima wa wanafunzi. Kuchora patani kwa kompyuta tulifundishwa kwa picha za ubaoni, kwa kuwa leseni ya programu ilikuwa imeisha. Nilipofika kiwandani nikakuta kila kitu kinafanywa kwa programu za Gerber na Lectra, na nikajifunza usiku kwa usiku kwa msaada wa kijana wa diploma aliyenizidi mbali.

Halafu lile jukwaa. Mwaka wa nne kila mwanafunzi hutengeneza mkusanyo wake na kuuonyesha, na gharama ni yake: kitambaa, mafundi wa kusaidia, viatu, wapodoaji, mpiga picha. Kwetu wapo waliokopa. Mwenzangu mmoja, mwenye mkono mzuri kuliko wangu, alitumia pesa za chakula kununua shanga. Alama zilitolewa kwa mvuto wa usiku ule. Hakuna aliyetuuliza nguo moja imegharimu kiasi gani na nani ataivaa Jumatatu. Ningekuwa na sauti pale, kila nguo ingepanda jukwaani na karatasi yake ya gharama, na karatasi ingepewa nusu ya alama.

Kuhusu atachimenti, yale mafunzo ya kazini, sikiliza. Wengi hukimbilia duka la mbunifu mwenye jina, wanapiga pasi na kubeba mifuko. Nenda kiwandani. Joto lipo, kelele zipo, na kusimama kutwa kupo, lakini utaona nguo moja ikipita mikononi mwa watu arobaini, kila mmoja na mshono wake, na utajua kwa nini mfuko wa kubandika unachukua muda kuliko unavyodhani. Kama uko karibu na Eldoret, kuna kiwanda cha Rivatex, kilichochukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, na huko inaingia pamba na kutoka kitambaa. Kukiona kitambaa kinazaliwa kunabadilisha namna unavyokigusa.

Ada sitakaa nayo sana, kwani tangu mfumo mpya wa ufadhili wa mwaka 2023 kila nyumba inapangiwa kiwango chake. Ila mzazi ajue hivi: ada haihusishi kitambaa. Kila muhula kuna karatasi za patani, vitambaa vya majaribio, mikasi, zipu. Tenga fungu la hayo mapema. Na kitambaa cha majaribio kinunue soko la Gikomba, Nairobi, shuka za mtumba za pamba zinafaa kabisa.

Kwa anayetaka tu kufungua duka lake la kushona, shahada hii ni ndefu kuliko haja. Diploma kwenye chuo cha ubunifu kama Evelyn au Buruburu itakupa mikono upesi zaidi, kisha ukae na fundi mzuri. Shahada ni ya anayetaka kununua kwa ajili ya maduka makubwa, kukagua ubora, kutengeneza patani za saizi nyingi, kufundisha, au kukaa kwenye kiti kama changu. Na njoo ukiwa unajua kushona tayari, hata mshono wa moja kwa moja tu, kwa sababu walimu hawana muda wa kukushika mkono na mashine ni chache.

Kabla hujakubali nafasi, panda gari uende ukakione chuo. Usiende siku ya maonyesho, nenda siku ya kawaida ya masomo. Omba kuingia karakana, utazame ni cherehani ngapi zina uzi kwenye sindano. Uliza leseni ya programu ya patani inaisha lini. Muombe mwanafunzi wa mwaka wa nne akuonyeshe karatasi ya gharama ya nguo aliyoshona. Akikuonyesha michoro peke yake, umejua wanachofundishwa. Uliza pia nani anafundisha vitambaa, na kama maabara ina mizani inayofanya kazi. Wakikwambia maabara imefungwa kwa kuwa mwenye ufunguo ametoka, rudi siku nyingine. Ukikuta bado imefungwa, peleka maombi yako chuo kingine.